Pumzi ya Mama Mkwe

Ningeweza kukataa kumpima mama mkwe. Nesi niliyefanya kazi naye alikuwa boma la jirani, akaniita kwa sauti juu ya ua: "Mzee, pima huyo mama tusonge mbele!" Hakujua mama huyo ni nani kwangu. Kama ningemwambia, angekuja mwenyewe. Nikaitika, "Sawa."

Ilikuwa miaka ya elfu mbili, nimeshastaafu kazi ya ghala mjini Kitale. Mradi mmoja wa afya uliniajiri kuzunguka Bumula, kwa kina mke wangu, kupima gesi ya moshi iliyobaki mwilini mwa wanawake wanaopikia kuni. Mashine ilikuwa ya kushika mkononi, ina kimrija cha karatasi cha kupulizia. Aliyeonekana na moshi mwingi alijengewa jiko lenye bomba, tena akapelekwa hospitali Bungoma kuangaliwa kifua.

Tulifundishwa kwamba hewa inayotangulia kutoka ni ya mdomoni na kooni, haina tofauti kubwa na hewa ya nje. Inayotakiwa ni ile ya mwisho, ya chini kabisa ya mapafu. Kwa hiyo mtu huvuta hewa, huibana huku ukimhesabia, kisha hupuliza polepole mpaka aishiwe. Nawe unakaa mbele yake ukimtazama mdomoni, asije akapuliza kidogo akaacha.

Kwetu mwanamume hakai hivyo mbele ya mama mkwe. Hata kumsalimu kwa mkono sikuwahi. Naye hangethubutu kukohoa na kutema mate nikiwapo, ingawa kikohozi chake kilijulikana kijiji kizima.

Nikaweka mashine juu ya kigoda, nikarudi nyuma, nikampa mgongo.

"Mama, vuta hewa, shikilia kidogo, halafu upulize yote."

Jirani yake aliyekwisha kupimwa akaangua kicheko. "Puliza, wewe! Mimi nilipuliza mpaka meno ikataka kutoka. Ama unaogopa mkwe?"

"Wacha kelele, bana," mama akamjibu.

Nikasikia pumzi fupi, kama ya mtu anayepoza uji. Alikuwa anazuia kikohozi. Nilijua palepale kwamba hewa ile haikutoka mbali.

"Nimemaliza, mkwe."

Ningeweza kumwomba arudie. Nikamshukuru.

Nesi alipokuja akaitazama namba, akakunja uso. "Hii iko chini sana, na huyu mama anakohoa hivi. Alibana pumzi, mzee?"

"Alibana."

"Na ulimwona akipuliza mpaka mwisho?"

"Nilimwona."

Basi mama hakupata jiko wala hospitali. Kibaya zaidi, alikiamini kipimo changu. Kila mke wangu alipomsihi aende akaonwe na daktari, jibu lilikuwa moja. Mke wangu akirudi nyumbani kwetu Kibomet ananisimulia huku akisonga ugali: "Ati ya nini, na mkwe alimpima na mashine, akaona kifua iko safi? Si umwambie wewe, labda atakusikia." Nami naangalia sahani.

Alipobebwa hatimaye hadi Bungoma, daktari alisema mapafu yameliwa na moshi kwa miaka mingi, na kwamba alipaswa kuletwa mapema zaidi. Mvua za masika zilikuwa hazijaisha tulipomzika.

Baada ya matanga nilimweleza mke wangu yote. Alikuwa anakunja leso za mamake.

"Ulimpa mgongo," akasema.

"Ilikuwa heshima."

"Na nesi alipokuuliza? Hiyo pia ilikuwa heshima?"

Sijui kama jiko na daktari vingemwongezea mama miaka. Ninachojua ni kwamba mimi ndiye niliyemnyima nafasi hiyo, kwa aibu kwanza, kisha kwa uongo. Mke wangu alibaki Bumula, katika nyumba ya mamake, na hajarudi Kibomet. Nilimpoteza mama mkwe, na kwa sababu hiyo nikampoteza mke.