Waliohamia Kigamboni

Mzee Jabiri simsamehi, na wanaokuja kunisihi nimsamehe kwa sababu keshakufa wasijichoshe. Bi Mwanakombo, aliyekuwa na haki hiyo kabla ya mtu yeyote, hakumsamehe. Mimi nani nimtangulie?

Mwanakombo binti Kondo alizaliwa Tandika, katika nyumba aliyoijenga baba yake mwenyewe. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa karani wa mahudhurio katika kiwanda cha nguo. Kazi yake ilikuwa kukaa dirishani asubuhi na kuita majina. Aliyeitika "nipo" alitiwa alama. Aliyefika baada ya king'ora akajieleze kwingine, maana yule mama hakuwa mtu wa kubembelezwa. Kiwanda kilipoanza kuyumba, mwishoni mwa miaka ya themanini, walimpunguza kazini pamoja na wenzake, akarudi nyumbani kukaanga bajia. Mumewe, Twalib, alikuwa fundi cherehani. Mwaka 1990 Twalib akaugua, wakaona bora aende Bagamoyo kwa nduguze akatibiwe huko.

Kabla ya kuondoka, Mwanakombo alifanya tulichokuwa tukifanya sote: alikwenda kumuaga balozi. Kila nyumba kumi zilikuwa na balozi wake, na balozi alikuwa na daftari. Mgeni akija anaandikwa, ukisafiri unaaga, na ukitaka msaada wa ofisi yoyote unaulizwa kwanza barua ya balozi. Hata vyama vingi vilipokuja na watu wakatangaza kwamba balozi hana kazi tena, ofisi ziliendelea kuidai barua ile ile. Balozi wa nyumba zao alikuwa huyo Jabiri. Akaandika safari yao kwa mwandiko wake mzuri, akawaombea dua.

Twalib alifia Bagamoyo, na mjane akakalia eda huko huko, miezi minne na siku kumi. Jabiri alikwenda kuhani. Alikula hitima akashiba, akamtumia mfiwa salamu ndani: "Mwambieni dada yangu akae eda yake kwa utulivu. Nyumba naiangalia mie."

Aliiangalia kweli. Mwanakombo alirudi akakuta ukuta wa mbele umebomolewa, pamewekwa fremu ya duka, na mtu asiyemjua anauza magodoro pale alipozaliwa yeye. Ilikuwa enzi ya ruksa, kila mwenye mtaji anatafuta pa kufungua duka, na nyumba iliyotazama barabara ilikuwa nyama mbele ya paka. Hati ya mauzo ilisema muuzaji ni mpwa wake. Mpwa huyo hakuna aliyemzaa. Shahidi alikuwa balozi, na ndani ya daftari, mbele ya jina la Mwanakombo, palikuwa na maneno haya: Amehama kwa hiari. Amehamia Kigamboni.

Sasa niseme na la kwangu, maana mimi pia nimo. Naitwa Apolinari, mtu wa Mahenge, na miaka hiyo nilikuwa karani wa nyumba ya misheni pale Manzese. Tulikuwa na vitanda ishirini na vinne kwa wasio na pa kulala, na wengine walilala barazani wakisubiri. Mwanakombo alifika kwetu na kifurushi cha kanga mbili. Nikamwandikia jina, nikamwandikia balozi wake barua kama utaratibu ulivyotaka. Jibu likaja lina mhuri: mtajwa ana ndugu Kigamboni na ndiko alikohamia.

Nikamwambia, "Bibi, wewe una kwenu. Vuka bahari kwa pantoni urudi Kigamboni, kitanda hiki apewe asiye na ndugu."

"Kigamboni sijawahi kulala hata usiku mmoja," akasema.

"Barua inasema hivyo."

Alinitazama mpaka nikainamisha macho kwenye karatasi zangu. "Wewe kijana wa bara, unaiamini karatasi ya mwizi kuliko mtu mzima aliyesimama mbele yako. Sawa. Tutaonana."

Miezi saba alilala barazani kwetu juu ya boksi. Kila asubuhi nilimpita, nikamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, maana salamu haikataliwi. Kitanda sikumpa. Nilijiona mtumishi mwaminifu wa utaratibu. Leo nikikumbuka natamani kujizaba kibao.

Aliyemtoa pale ni Bi Roshanara, mama mmoja wa Kishia aliyekuwa na zahanati ya hisani Kinondoni. Familia yake iliuza vifaa vya ujenzi, na yeye hakupenda kitu chochote kipotee, iwe msumari au blanketi. Aliona blanketi zake zinaisha upesi, akashuku kuna watu wanaochukua kwake, wanachukua kwetu, halafu wanakula tena kwenye jiko la msikiti kule Temeke. Akatuita sisi wawili, mimi na Ustadhi Khalfani wa jiko la msikiti, akasema, "Tuunganishe orodha zetu ziwe kadi, sanduku moja. Tuwakamate hao wajanja."

Tukakubali kwa furaha. Ajabu ni kwamba kwa miaka yote hiyo hakuna kati yetu aliyewahi kufungua daftari la mwenzake. Alitakiwa karani mwenye mwandiko safi. Roshanara akaokota jina katika kadi za zahanati yake: kuna mama anakuja kutibiwa kifua, aliwahi kuwa karani kiwandani. Ndiye yule wa barazani kwangu. Nilitafuta pa kujificha, sikupaona.

Mwanakombo akapewa meza, kadi tupu na madaftari matatu. Kitu cha kwanza alichogundua ni yeye mwenyewe. Kwetu aliandikwa Mwanakombo Kondo, msikitini Mjane wa Twalib, zahanati Bi Kombo wa kifua. Mtu mmoja, kadi tatu. Wajanja wengi wa Bi Roshanara walikuwa hivyo: mtu mwenye njaa anakula Temeke, anatibiwa Kinondoni, analala Manzese, kwa sababu hakuna mahali penye vyote vitatu. Roshanara aliposikia akaagiza blanketi zaidi.

Mimi ningezipanga kadi kwa herufi, nikafunga sanduku, nikaenda kula. Mwanakombo alizipanga kwa balozi. Kila kadi ilikuwa na jina la balozi wa mwisho wa mhusika, kwa ajili ya ile barua. Mabalozi wengi walipata kadi moja, wengine mbili. Fungu la Jabiri lilikuwa na kadi kumi na saba. Akaomba majibu ya mabalozi yaliyokuwa yamelala katika majalada yetu. Kwangu yalikuwa sita ya Jabiri, msikitini saba, zahanati manne. Akayatandaza yote mezani, akaniita.

"Soma, Apolinari. Kwa sauti."

Nikasoma. Amehamia Kigamboni. Amehamia Kigamboni. Wajane, wazee wasio na watoto, kiziwi mmoja mshona viatu. Uvivu wa mwizi! Mji wote huu, na yeye hakujisumbua hata kubuni mahali pengine, kwa kuwa alijua hakuna karani atakayelipa nauli ya pantoni kwenda kuhakikisha. Nilipofika la saba nikaiweka karatasi chini.

"Endelea," akasema. "Hujafika kwangu."

Nilimwomba radhi siku ile. Akajibu kwamba radhi ataipokea akimaliza kazi.

Nilidhani atakimbilia polisi. Hakwenda. Alimwandikia Jabiri barua ya heshima, yenye mihuri yetu mitatu: kamati inakusudia kuwagawia unga watu wa nyumba zake waliohamia Kigamboni, hivyo tunamwomba aorodheshe majina yao kwa mkono wake, na siku ya mgao afike mwenyewe kuwapokelea. Roshanara alisita kidogo kuhusu huo unga. Mwanakombo akamwambia unga utakuwepo na utagawiwa kwa watu hao hao, kwa hiyo barua haina uongo hata wa nukta.

Fisi hakatai mfupa. Orodha ilirudi kabla ya Ijumaa, majina kumi na saba, saini, mhuri, na chini yake ombi kwamba magunia yawe mazima.

Siku ya mgao, asubuhi, Jabiri alifika uwanja wa ofisi ya kata amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na nyuma yake mkokoteni wa kubebea magunia. Katibu tarafa alikuwepo, majirani walikuwepo, na upande wa kivulini watu wamekaa chini wameinamisha vichwa, akinamama wamejifunika kanga. Hakuwatazama. Ni lini aliwahi kuwatazama?

Mwanakombo akasimama na ile orodha. "Mzee Jabiri, mwandiko huu ni wako?"

"Wangu kabisa."

"Na watu hawa wako wapi?"

"Kigamboni, kwa ndugu zao. Nawajua mmoja mmoja."

Basi akaita, kwa sauti ile ya dirishani kiwandani. "Zuhura Mbwana!"

"Nipo," akasema bibi mmoja, akajifunua kanga, akasimama.

"Salum Kiziwi!" Jirani akamgusa bega, naye akainuka na kunyoosha mkono.

"Nipo." "Nipo." Jabiri alikuwa akitazama kila anayesimama, na kanzu ikaanza kumlowa mgongoni. Jina la kumi na moja halikuitikiwa. Mwanakombo akaliita mara ya pili. Mwanamke mmoja akasema, "Huyo alifia barazani Manzese, masika yaliyopita." Barazani kwetu, yaani. Mwanakombo alitia alama, kalamu ikatoboa karatasi. Akaendelea mpaka la mwisho.

"Mwanakombo Kondo!" Akajibu mwenyewe, akimkazia macho: "Nipo, Mzee Jabiri. Eda nimemaliza."

Majirani walimzomea mpaka nje ya uwanja, na wenye mkokoteni wakadai ujira wa safari yao ya bure. Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi kama mtoto siku ya Krismasi.

Kesi ilikuwa ndefu, lakini orodha ile na yale majibu kumi na saba yalimbana, akaenda jela. Wachache walirudishiwa nyumba, wengine walipewa vyumba. Mwanakombo alipata yake, na muuza magodoro akahama na milango yake ya duka. Watu wa nyumba zile kumi wakamchagua yeye kuwa balozi. Akarithi daftari lile lile.

Mwaka 1995, asubuhi ya mvua, mzee aliyekonda alisimama mbele ya meza yangu Manzese. Kutoka jela alikuta nyumba yake imeuzwa kufidia, na wanawe wamemkana. Hakunikumbuka. Nilimuuliza jina ingawa nilikuwa nalijua, nikamwandikia balozi wake barua kama utaratibu unavyotaka.

Jibu lilikuja kwa mwandiko safi wa kiwandani: Mtajwa amehama kwa hiari. Amehamia Kigamboni.

Nilimsomea. Akashika ukingo wa meza. "Mwanangu, Kigamboni sijawahi kulala hata usiku mmoja."

Jioni nilikwenda Tandika. "Mama, umeandika uongo katika daftari."

"Najua," akasema Mwanakombo, akigeuza bajia. "Mpe chakula, asife. Kitanda asubiri."

"Asubiri mpaka lini?"

"Wewe si ndiye karani? Mie nilisubiri mpaka lini?"

Nikarudi, nikampa Jabiri boksi. Nilimpita kila asubuhi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Miezi saba ilipotimia, siku hiyo hiyo, ililetwa barua nyingine yenye mhuri: Masahihisho. Mtajwa hakwenda Kigamboni. Yupo barazani kwenu. Mpeni kitanda.

Chini yake palikuwa na mstari mmoja alioniandikia mimi: Apolinari, radhi yako nimeipokea.