Teke la Einar

Einar Skogstad hakuwahi kutoboa barafu ili aipime. Kutoboa, alisema, ni kwa watu wasio na macho. Yeye alisimama gatini pa Ziwa Ringstad, akaipiga barafu mateke mawili kwa kisigino, akaitemea kahawa, akatega sikio. Kisha akatoa hukumu. Mji mzima uliingoja hukumu hiyo miaka arobaini, na katika miaka arobaini hakuna aliyezama. Ndivyo alivyopata ukubwa wake. Wengine huupata kwa kura.

Ni shemeji yangu. Nilimwoa dada yake, Arlys, kwa hiyo teke hilo nimelisikia likisimuliwa mara nyingi kuliko Injili.

Kila Januari kanisa letu lina mlo wa barafuni. Magari yanaingia ziwani kwa mstari, watoto ndani, sufuria za supu zimebanwa miguuni, mpaka katikati. Huko watu wanavua, wanateleza, wanakula. Lakini hakuna gari linaloshuka kabla ya pikapu ya Einar. Akifika katikati anapiga honi, na wote wanafuata alama za matairi yake. Hakuna anayeuliza unene. Kuuliza unene baada ya Einar kupita ni sawa na kunusa chakula cha mwenyeji mbele yake.

Sasa niseme ambalo mji haulijui. Kila mwaka, siku moja kabla ya mlo, Arlys alivaa buti, akachukua keekee ya barafu, akatoboa kila baada ya hatua ishirini mpaka kupita pale kijito kinapoingilia ziwani. Mimi nilibeba rula na kunyamaza. Akirudi alimpigia kaka yake simu.

"Kaka, mimi sijui haya mambo. Lakini pale kijitoni, si kama pembamba mwaka huu? Au macho yangu tu?"

Kisha sauti ya Einar, nzito kama ya hakimu: "Nilikuwa nataka kuwaambia wazungukie kaskazini."

"Ahsante, kaka. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Akaweka simu, akavua buti.

Einar hakuwa mwongo. Aliamini kabisa. Mtu akiulizwa swali lililobeba jibu lake mgongoni, hujiona mwerevu.

Arlys alifariki Oktoba.

Mwezi huohuo watu wa barabara walizibua kalavati kule juu, kijito kikaanza kuja kwa nguvu, na maji yanayokimbia hayagandi vizuri. Disemba theluji ikawahi, ikailalia barafu kama blanketi ingali changa, baridi isiifikie. Arlys angeyaona hayo kabla ya kumaliza chai. Mimi yalinichukua wiki tatu. Ijumaa ya kuamkia mlo nikachukua keekee, nikaenda peke yangu. Karibu na gati, inchi kumi na nne, nyeusi, safi, ile iliyo ngumu. Kijitoni, inchi sita, na tatu za juu ni nyeupe, barafu ya theluji, ambayo nguvu yake ni nusu. Pikapu inataka kumi na mbili nyeusi, na hata hapo unashusha vioo na kufungua mkanda, ukizama upate kutoka.

Nilimkuta Einar kwenye duka la chambo, ameegemea tangi la samaki wadogo, mbele ya wasikilizaji wanne.

"Shemeji," nikasema, "kijitoni ni inchi sita."

"Ala! Jamani, fundi kaja! Kapima nani?"

"Mimi."

"Wewe?" Akawageukia wenzake. "Huyu mkewe alikuwa anamchagulia hata soksi, leo anapima ziwa! Umepimia wapi, shemeji, kwenye ndoo?"

Wakacheka. Mmoja alikohoa mpaka akavua kofia.

"Tatu ni nyeupe," nikasema.

"Sikiliza." Akanishika bega, sauti ikawa ya mazishini. "Una msiba. Mwenye msiba huona kila kitu chembamba. Kaa ndani upumzike."

"Arlys angekwambia..."

"Arlys alikuwa ananiuliza mimi!"

Hapo hawakucheka. Walinihurumia, na hiyo ni mbaya zaidi. Nilijua la kufanya: nigeuze jambo liwe swali, nijifanye sijui, nimwachie amalizie. Arlys alilifanya miaka arobaini. Mdomo wangu haukujua njia. Nikatoka.

Jumamosi asubuhi magari thelathini yalijipanga kwenye mteremko wa gati, injini zinanguruma, watoto wamebandika pua kwenye vioo. Einar akapiga teke. Akatema. Akatega sikio. Akapanda pikapu na kushuka barafuni huku anapunga mkono kama mfalme.

Alipopita tu, nikalivuta gari langu kuukuu nikaliweka kuziba njia, nikazima, nikatia ufunguo mfukoni.

"Mzee, limeharibika?" akauliza mchungaji, ametoa kichwa dirishani.

"Ni zima."

"Basi tulisukume."

"Nangoja honi."

Nyuma zikaanza kupigwa honi nyingine, si niliyokuwa naingoja. "We babu, kama umechoka kaegeshe kwako!" mtu akapaza sauti. "Supu inaganda huku!" Mwanamke mmoja akaniita jina ambalo kesho yake, Jumapili, asingethubutu kulitamka kwenye kwaya. Sikuteremka.

Kisha ukasikika mlio, kama ubao mkubwa unaopasuliwa. Honi zikakoma zote.

Pikapu ilikuwa kijitoni, pua chini, mkia juu. Bahati pale maji si ya kina. Einar alitokea dirishani, akapanda juu ya paa, akasimama hapo na buti zilizojaa maji.

"Msiogope!" akapiga kelele. "Barafu ni nzima! Pikapu ndiyo nzito!"

Tulimtoa kwa kamba na ngazi iliyolazwa juu ya barafu. Mimi ndiye niliyetambaa mbele. Niliposhika kola yake, meno yake yalikuwa yanagongana.

"Mwaka huu hakuna aliyenipigia simu," akasema.

Nikavuta.

Mlo ukahamia kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Watoto wote walikuwapo, wanamwaga supu mezani. Mchungaji akasimama akamshukuru Mungu kwa ajili ya Einar, aliyetangulia mbele ya kundi na kuonja hatari kwa mwili wake mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Einar, ndani ya mablanketi mawili, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mimi nikaambiwa nisogeze gari, bado limeziba njia.

Niliporudi Einar aliniegemea. "Zilikuwa inchi ngapi vile, shemeji?"

"Sita."

Akageukia mwanamke aliyekuwa anamimina kahawa. "Tano na nusu," akamwambia. "Nilizihisi kwenye usukani."

Jambo kama hilo lataka mtu wa kumhadithia. Nilifika nyumbani saa nane mchana, nikakaa ndani ya gari mpaka vioo vikaganda.