Kibonye Kisicholia

Wanafunzi walimwita Mama Taratibu, naye alijifanya hajui. Jina lilimkaa kuliko magauni yake, maana neno "taratibu" lilimtoka hata mvua inaponyesha na yeye hana mwavuli. Alifundisha piano katika chuo cha muziki, kwenye chumba cha mwisho cha korido, ambacho nusu yake ilikuwa ghala la viti vibovu. Mchana jua likipenya pazia la kahawia, vumbi lilielea juu ya viti hivyo, na mwalimu aliweza kulitazama na kusahau alikuwa anasema nini, mpaka mtu akohoe.

Kila mwaka, karibu na mitihani, aliwachambulia wanafunzi wake kipande kilekile: wimbo wa usiku wa piano peke yake. Mtunzi wake alikufa zamani, na hakuacha jina kubwa. Aliishi zama zile ambazo watunzi wa muziki walichoka kuficha mioyo yao, wakaanza kuimwaga kwenye karatasi.

"Mkono wa kushoto unabembeleza mtoto," alikuwa akiwaambia huku anacheza. "Hauna haraka. Mkono wa kulia ndio mtoto mwenyewe, hataki kulala. Anachelewa, anakimbia, anachelewa tena. Msimchape. Mkono wa kushoto unajua atarudi."

Kisha aliwaonyesha noti moja, sauti ya juu kuliko zote katika wimbo. Mara ya kwanza sauti inapanda kuiendea, inaomba, inashuka mikono mitupu. Katikati wimbo unanuna, kila kitu kinaingia giza, sauti inapanda tena, inalalamika, inashuka. Mara ya tatu haiombi wala hailalamiki. Inafika tu.

"Na hapo inapofika, mtunzi ameandika: kwa sauti ndogo kabisa. Watunzi wenzake wakifika kileleni wanapiga kelele dunia nzima isikie. Huyu ananong'ona. Kwa nini?"

Hakungoja jibu. Alicheza. Alipofika kileleni, kidole kilibonyeza kibonye na piano ikanyamaza kimya, kwa sababu waya wa kibonye kile ulikuwa umekatika miaka mingi iliyopita. Noti hiyo Mama Taratibu aliiimba mwenyewe. Moja tu, mdomo umefunguka kidogo, macho yakiwa kwenye vumbi. Halafu mikono ikaendelea na safari.

Watu walidhani anaziba pengo. Maskini, hawakujua kwamba pengo lenyewe alilitunza kama mboni ya jicho. Fundi wa piano alipokuja kila mwaka kukaza nyaya, mwalimu alimsimamia. Akifika kwenye kibonye kile, aliambiwa, "Hicho kiache."

"Mwalimu, umeficha nini humu?" fundi alimtania. "Dhahabu?"

"Kiache tu, fundi. Taratibu."

Alipokuwa msichana alitaka kuwa mwimbaji, na si kidogo. Alitaka mpaka usingizi ulimkimbia. Siku ya majaribio alisimama kwenye ukumbi mkubwa, akaimba, na mzee mwenye miwani akamwambia kwa upole, jambo ambalo liliuma kuliko matusi: "Binti, sauti yako ni nzuri, lakini ni ya chumba kimoja. Ukumbi utaimeza." Alirudi nyumbani akameza sauti yake mwenyewe kabla ukumbi haujaimeza. Akajifunza piano. Hakuimba tena, hata akiosha vyombo. Mpaka siku waya ulipokatika katikati ya somo, na mdomo ukaijaza noti ile kabla akili haijapata nafasi ya kuukataza. Tangu hapo alikuwa mwimbaji wa noti moja kwa mwaka, na ilimtosha. Watu wameishi kwa vichache kuliko hivyo.

Mwaka huu alikuwa anakata vitunguu jikoni alipoijaribu noti ile. Sauti ilipanda, ikapasuka, ikatoka hewa tupu. Akajaribu tena. Hewa.

Dada yake mkubwa, mshonaji, ambaye aliishi naye tangu wote wawili walipofiwa na waume zao, aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani. "Mlango gani huo unaolia? Utie mafuta."

Akazima cherehani, akaja mpaka mlangoni, akamkuta mdogo wake anafuta macho.

"Ni vitunguu hivyo, au unalia?"

"Sauti imekwisha, dada."

"Sauti ipi? Wewe una sauti?"

"Nilikuwa nayo moja."

Dada alitaka kucheka, akamtazama vizuri, akaghairi. Alichukua kisu akamalizia vitunguu yeye.

Fundi alipokuja, Mama Taratibu alisimama dirishani, akampa mgongo. "Leo kitengeneze."

"Kipi?"

"Kilekile."

"Ama kweli, leo jua limechomoza magharibi," fundi akasema. Lakini alipomwona hageuki, aliacha utani akafungua kasha lake la nyaya. Kibonye kilipolia, kililia vizuri mno, safi, hakina kosa. Mwalimu alimshukuru. Alihisi ametoka kuzika mtu.

Siku ya somo alichambua kama kawaida: mtoto asiyetaka kulala, kuomba, kulalamika, kufika. Akauliza swali lake. Akacheza. Kileleni kidole kikashuka na noti ikalia yenyewe, nayo mikono ikaendelea mpaka mwisho. Alipoinua macho aliona nyuso zimepoa, zikitazamana, mfano wa wageni walioalikwa wakakuta mwenyeji hayupo.

Binti mmoja mrefu aliyekaa nyuma kabisa, karibu na viti vibovu, alinyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Pale juu huimbi?"

"Kuimba?"

"Dada yangu alisoma hapa. Alituambia ukifika pale piano inanyamaza, unaimba wewe. Hiyo noti bado anaiimba akianika nguo. Anasema jibu la swali lako la sauti ndogo alilipata pale. Sisi tulikuwa tunaingoja."

Miaka yote ile Mama Taratibu alidhani wanatazama vidole vyake.

"Sauti imekwisha, mwanangu," alisema. "Imepasuka. Si nzuri tena."

"Hata dada hakusema ni nzuri, mwalimu."

Darasa lilishikwa na butwaa. Binti mwenyewe akaziba mdomo, akitamani ardhi ipasuke immeze. Ndipo Mama Taratibu akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, nao wakacheka, na vumbi likatikisika kwenye mwanga.

Kisha akarudisha mikono kwenye piano. Mkono wa kushoto ukaanza kubembeleza. Sauti ikaomba, ikashuka, ikalalamika, ikashuka. Ikapanda mara ya tatu. Kileleni kidole kilisimama juu ya kibonye kile kizima, kisikiguse, na mwalimu akaimba. Sauti ilitoka nyembamba, ikakwaruza, katikati ikakatika, akavuta pumzi akaiendea tena pale ilipomkimbia, bila aibu, mbele ya watoto wa watu. Nyuma kabisa, karibu na viti vibovu, binti mrefu alifumba macho.

Chumba kilikuwa kimoja tu, nayo ikakienea chote.