Mumbua Alichukua Kuku Wangu

Mumbua ni mgomvi. Naanza na hilo kwa sababu nikianza kumsifu mtadhani namzungumzia mtu mwingine. Tumepakana mashamba huku Yatta, nje kidogo ya Kithimani, miaka ishirini na miwili. Tumegombania mbuzi, mpaka, hata redio yake siku ya Jumapili. Ndiye karani wa mwethya wetu, kikundi cha majirani tunaochimbiana mitaro ya kuzuia udongo kila Jumanne, leo kwako, wiki ijayo kwangu. Ukikosa bila sababu, faini ni kuku. Hakuna aliyewahi kumbembeleza Mumbua akaachiwa.

Mume wangu Bartholomew alipofariki mwaka juzi, mwezi wa tano, kikundi kiliamua niachwe nipumzike. "Mama Mutheu yuko na msiba, jina lake lisiitwe kwanza," mwenyekiti wetu Ndunda alisema, na wote wakakubali. Walinihurumia, sina neno baya juu yao. Lakini ona sasa: zamani kila Jumanne nilikuwa na watu kumi na wanne wa kunitania, kunisengenya na kuniuliza mbona nimekonda. Sasa hakuna aliyebisha hodi. Wakipita na majembe walinyamaza wakifika kwangu, ati wasinisumbue. Jamani, kile kimya! Nilianza kuamini kwamba hata nisipokuwepo hakuna kitakachopungua.

Binti yangu Mutheu alipiga simu kutoka Mavoko, nikamwambia niko sawa. Uongo mtupu. Sikuwa nalala, sikuwa napika. Kufika mwezi wa kumi, mvua ikinukia, nilikuwa nimeamua kufa. Jumanne moja asubuhi nilitoa debe langu la mbegu, mahindi na ndengu nilizochagua mwenyewe, zote nikawamwagia kuku. Niliona haya kuwaacha na njaa.

Mumbua alikuwa upande wake wa ua akifunga mbuzi. Sikumwona. Nilisikia kelele tu: "Mama Mutheu! Umekosa mwethya Jumanne ishirini! Leo nachukua kuku!" Akaingia bila hodi, akamkamata yule mwekundu anayetaga kila siku, akamtia kwapani, huyo akaenda.

Haki ya Mungu, nilikasirika! Mimi niliyekuwa nimemalizana na dunia, nilitoka miguu mitupu nikimfuata na matusi.

"Mwizi wewe! Kikundi kiliniruhusu!"

"Nani alikuruhusu? Daftari niko nayo mimi!"

Nikamfuata hadi shambani kwa Ndunda, ambako wenzetu walikuwa tayari mtaroni. Wote wakaacha kuchimba. Mumbua akamfunga kuku miguu, akanipa jembe. "Chimba kwanza. Tutagombana baadaye."

Nikachimba kwa hasira, hasira ikageuka machozi, na mbele ya watu wote nikasema nilichokuwa nimekusudia asubuhi ile. Nilidhani watanikimbia. Ndunda alivua kofia. "Tusamehe, Mama Mutheu," akasema. "Tulidhani tunakupumzisha."

Mumbua hakungoja hata kunawa mikono. Alinipeleka zahanati, akakaa nami kwenye benchi akigombana na kila aliyetaka kuruka foleni, hadi nikamwona muuguzi anayeshughulikia mambo ya akili. Mutheu alifika jioni hiyo. Bado naenda kwa yule muuguzi kila mwezi, na siendi kwa kujificha. Wiki ileile kila mwanakikundi aliniletea kikombe kimoja cha mbegu kutoka kwake. Msimu ule mahindi yangu yalitoka ya kila aina, marefu na mafupi, meupe na ya manjano. Sijawahi kuwa na shamba la ovyo kama lile, na sijawahi kushukuru vile.

Juzi nilimuuliza Mumbua alijuaje. Akanitazama kama anayetazama mjinga.

"Mkulima mzima anamwagia kuku mbegu, na mvua iko mlangoni! Nilijua hupangi kupanda. Niliogopa, Mama Mutheu. Sikuwa na maneno mazuri ya kukuambia. Mimi kwako najua kugombana tu."

Nilimshika mkono, naye akautoa haraka akasema nina mikono baridi.

Yule kuku Mumbua hajanirudishia hadi leo. Kila asubuhi namsikia akilia upande wa pili wa ua baada ya kutaga, nami naamka, navaa viatu, naenda kumwambia Mumbua kwamba lile yai ni langu.