Bibi Harusi Kagoma

Juzi nilimpeleka mwanangu kliniki, Mpendae. Binti anayeandikisha wagonjwa huchora maharusi hina akitoka kazini, na vidole vyake havifichi. Simu yake ililia, sauti ya mwanamke wa huko harusini ikatufikia foleni nzima.

“Shoga, bibi harusi ashakaa mkekani! Njoo sasa hivi. Waambie wakubwa wako mwanao anaumwa.”

“Mwanangu mzima, alhamdulillahi. Simtii maradhi ya uongo. Nnatoka saa tisa na nusu.”

“Basi tunamwita mwengine.”

Simu ikakatika. Binti alikaza midomo, akaendelea kuandika jina la mwanangu. Punde simu ikalia tena.

“Bibi harusi kagoma. Hamtaki mwengine, anasema atakusubiri.”

Binti akacheka. Bibi mmoja nyuma yangu akapiga kofi benchi: “Haya jamani, wenye vikohozi vya deko warudi kwao! Binti huyu ana harusi ya kuwahi.”

Nami hushona nguo za watoto nikitoka kazini, na siku zote naogopa kumwambia mteja asubiri. Wiki hii nitajaribu, japo kwa sauti ndogo.