Wimbo wa Kumzika Mwalimu

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa karani wa idara ya maji mchana na mwalimu wa kwaya jioni, na kazi ya pili ndiyo iliyomvimbisha kichwa. Alitunga nyimbo za harusi, za mahafali, za kumkaribisha mkubwa na za kumuaga mkubwa huyohuyo akihamishwa. Zote hizo alizilipua tu. Wimbo mmoja ndio aliouhangaikia kama mtoto mgonjwa: wimbo wa kumzika yeye mwenyewe.

Hakuwa anaumwa. Alikula vizuri, akalala vizuri, akakoroma. Ila alikuwa amekwenda kwenye maziko ya mwalimu mwenzake, akaisikia kwaya ya marehemu ikibabaika, sauti ya kwanza iko huku, ya tatu iko kule, akarudi nyumbani amenuna.

"Mimi sizikwi ovyo namna ile," alimwambia dada.

Jioni iliyofuata sisi wanakwaya tukakuta beti mpya ubaoni, na do-re-mi zake chini ya kila neno.

Tulifanyia mazoezi kwenye darasa la shule, madawati tumeyasukuma ukutani. Yeye husimama juu ya kreti la soda, na fimbo yake ya kuongozea ni antena ya redio iliyokufa zamani. Ubeti wa kwanza ulisema tulikuwa kelele tu mpaka mwalimu alipokuja. Wa pili ukauliza nani sasa atatupa sauti. Sisi tuliokuwa kelele tuliyaimba hayo huku tukitazamana kwa pembe za macho.

"Besi," alikuwa akisema, "mnanizika au mnasukuma gari? Rudieni."

Besi ndio walikuwa mtihani wake. Fundi bomba, dereva wa lori na mlinzi wa benki: sauti nzito kweli, lakini maneno hayawakai kichwani mpaka yagongelewe kama misumari. Basi akayagongelea. Tuliurudia wimbo ule mwaka hadi mwaka, mpaka besi wakawa wanauimba wamefumba macho.

Pambo lake lilikuwa ubeti wa tatu: "Mjane amebaki analia." Mstari huo ulikuwa wa besi peke yao, na neno la mwisho lilivutwa huku mwalimu amenyanyua mkono.

"Msikate mpaka mkono wangu ushuke," alisema. "Hapo ndipo watu watakapolia."

Nani atanyanyua huo mkono yeye akiwa ndani ya jeneza, hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Dada aliimba sauti ya kwanza. Ndiye aliyenakili nyimbo zote za mumewe kwa mkono, na ndiye aliyefua majoho ya kwaya nzima. Mimi niliyashona yaliyochanika, maana cherehani ndiyo kazi yangu. Siku moja, tukikunja majoho, alimuuliza mumewe kwa utani, "Na mimi sina hata mstari?"

"Umo," akajibu. "Wewe ndiye mjane."

"Na nikitangulia mimi?"

"Usiniharibie ubeti, mama."

Dada alicheka. Mimi sikucheka, na mpaka leo sijacheka.

Alitangulia. Homa ya mapafu ilimchukua upesi, kabla hatujajua kwamba ni ya kuogopa. Asubuhi ya maziko nilimfuata shemeji darasani. Nilimkuta ameshika chaki, macho yamemvimba.

"Shemeji," nikamwambia, "dada yangu anaimbiwa nini?"

Hakuwa na kitu. Miaka yote ile alijiandalia yeye. Akageukia ubao. "Huuhuu," akasema. "Nabadilisha maneno." Akafuta "mwalimu wetu", akaandika "mama yetu". Akafuta "mjane amebaki analia", akaandika "nyumba imebaki kimya". Nilimtazama kwa hasira. Dada yangu alikuwa anavalishwa joho la mtu mwingine lililopunguzwa upindo tu. Lakini lilikuwa joho, na sikutaka aende bila chochote. Kwaya ilipofika, niliwaendea besi mwenyewe.

"Kaka zangu, tazameni ubao. Maneno mapya."

"Tumeyashika, dada," akasema fundi bomba.

Makaburini, ubeti wa kwanza ulipita salama, kwa kuwa besi huwa wanavuma tu hapo, midomo imefungwa. Wa pili ukayumba: huku "mama yetu", kule "mwalimu wetu". Watu wakaanza kugeuza shingo. Ulipofika wa tatu, besi wakabaki peke yao, wakafumba macho kama walivyozoea, wakaimba kwa ufundi wote waliofundishwa: mjane amebaki analia.

Na huyo mjane ndiye tuliyekuwa tunamteremsha kaburini.

Mkono wa shemeji ulikuwa juu. Nilidhani anataka kuwakemea. Kumbe analia, mdomo wazi, bila sauti, na mkono umeganda hewani pamoja na antena yake. Besi wakafumbua macho, wakaona mkono haujashuka, wakaendelea kuvuta. Fundi bomba uso ukamwiva. Mlinzi akaiba pumzi, akarudi. Hakuna aliyekata, maana walikuwa wamefundishwa vizuri. Wachimba kaburi walisimama na kamba zao, hawajui waendelee au wangoje.

Nikatoka kwenye mstari wa sauti ya pili, nikamshika kiwiko. "Shemeji, shusha mkono." Hakusikia, nikaushusha mwenyewe. Besi wakanyamaza, na dada akazikwa bila wimbo.

Siku chache baadaye shemeji alikuja kibandani kwangu na karatasi na penseli, akakaa kwenye benchi la wateja. Alisema anataka kumtungia dada wimbo wake, wake kabisa, tangu mwanzo. Nilimchukia na nikamhurumia, vyote kwa pamoja. Akalamba ncha ya penseli, akaandika "Ubeti wa kwanza", akakaa. Kisha akaninyanyulia macho.

"Shemeji," akasema, "hivi dada yako alikuwa anapenda nini?"

Nikaendelea kukanyaga cherehani.