Viti vya Mianzi Siku ya Wakwe

Mafundi wa sofa wa Nairobi wana dini yao, na amri yake ya kwanza ni "niko njiani." Mama alimpa mmoja wao sofa zetu azibadilishe kitambaa kabla ya Jumamosi, siku ambayo wakwe wangekuja nyumbani kwetu Buruburu kumposa mdogo wangu. Jumamosi asubuhi fundi alikuwa bado njiani. Sebule ilikuwa na mapazia mapya na zulia lililosuguliwa, lakini hata paka hakuwa na pa kukaa.

Mama hakusikitika sana. Mwenye kuposa alikuwa Mnyarwanda, kijana mpole aliyefanya kazi mjini, na wakishaoana wangehamia Kigali. Hilo Mama hakutaka kulisikia. Kanchi kenyewe kadogo, alisema, unakavuka chai haijapoa, na mambo aliyoyaona kwenye televisheni miaka ile ya mauaji hayakuwahi kumtoka akilini. Alikuwa amekubali kuwapikia wageni, basi. Na sote tulijua kwamba Mama akikataa, hakuna mjomba atakayethubutu kusema ndiyo.

Nilimkuta mdogo wangu ameketi kwenye ngazi, macho yamevimba.

"Sista, hii story imeisha," akaniambia. "Mathe atasema hata viti vimekataa."

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilimwambia aoshe uso, nikaita pikapu, nikaenda mtaa wa Fedha ninakoishi, nikabeba viti vyangu vya mianzi. Nilikuwa nimevinunua kwa fundi wa kando ya barabara baada ya kuvizunguka wiki nzima kama mtu anayechumbia. Nilipenda rangi yake ya asali, nilipenda jinsi mkono unavyohisi ubaridi ukivigusa, na zaidi ya yote nilipenda kwamba naweza kuvihamisha peke yangu bila kumwita mwanamume yeyote.

Mama alivitazama vikishushwa, akashika kiuno. Yeye ni wa Mlima Elgon. Kwao mwanzi ukiwa mchanga ni mboga, hukaushwa kwa moshi ukapikwa kwa karanga za kusaga, na ukikomaa hujengewa ghala la mahindi.

"Unataka nimkalishe mkwe kwenye ghala?" akaniuliza.

Kisha akafanya lile ambalo mama yeyote wa mitaa yetu ya Eastlands angelifanya. Alitoa vitambaa vyake vyote vya kufuma, akavifunika viti mgongo na makalio mpaka mwanzi usionekane.

Wageni walikuwa watatu: kijana mwenyewe, baba yake mdogo, na mama yake aliyefika kwa basi jana yake. Mjomba wetu, msemaji wa siku hiyo na mtu wa kilo za kutosha, ndiye aliyeketi kwanza. Kitambaa cha kufuma juu ya mwanzi uliopigwa vanishi hakikai. Mjomba aliteleza taratibu, na heshima zake zote, hadi akakalia zulia. Kiti kililia kidogo kikanyamaza, kizima kabisa. Hakuna aliyecheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Mama wa kijana alisogea, akakitoa kile kitambaa, akakikunja vizuri na kunipa.

"Kaa sasa, Mjomba," akasema. "Kiti hiki hakitaki nguo. Hata mimi ninavyo nyumbani. Nikifagia, navibeba mwenyewe."

Mjomba akakaa, akatulia, akaegemea. Nikapumua.

Kwa desturi yetu mama wa binti hubaki jikoni siku hiyo, mazungumzo huachiwa msemaji. Mjomba hata hajamaliza kukohoa, Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mbele ya yule mama mwenzake.

"Mama, mimi kwenu naogopa," akasema.

Mgeni hakukasirika.

"Hata mimi nilikuwa naogopa kwetu," akajibu, kwa Kiswahili cha polepole alichojifunza kambini Tanzania alikokimbilia. "Nilirudi na huyu mwanangu mgongoni. Nyumba haikuwa na mlango. Kulikuwa na jirani ambaye sikuweza kumtazama usoni, na maji tulichota mahali pamoja. Mwaka wa kwanza tulisalimiana tu. Baadaye tukalima pamoja, watoto wakasoma darasa moja. Nikikwambia yote yamepona nitakuwa nakudanganya. Lakini usiku ninalala, Mama. Ninalala mpaka asubuhi."

Nilikuwa nimejiandalia hotuba yangu kuhusu barabara safi za Kigali, na ikanikauka mdomoni. Mama aliushusha mwiko.

"Nikija kumwona mtoto, nitalala wapi?"

"Kitandani kwangu. Mimi nitalala na wajukuu."

Mdogo wangu alikuwa nyuma ya pazia la jikoni akisikiliza. Nilimwona akishuka chini polepole, ameziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanatikisika. Na mimi pia machozi yalinitoka, wala sikuyaficha.

Mama akavuta kiti cha mianzi, akakaa ubavuni mwa mgeni, mwiko umelala mapajani na unga wake.

"Mjomba, endelea na kazi yako," akasema. Kisha akamgeukia mwenzake, kwa sauti ya chini. "Huko kwenu usiku ni baridi?"

"Kidogo."

"Basi nitakuja na blanketi."